Mwongozo kamili: kuwashirikisha wenzako kitabu kipya na kupanga ratiba ya kusoma ambayo wote mtaimaliza

Maswali ninayoulizwa kuhusu kusoma pamoja yanafanana mno. Mtu amepata kitabu kipya, amekipenda, amelipiga picha jalada na kuwatumia wenzake. Wote wakafurahi. Ratiba ikatoka siku hiyo hiyo: kurasa 30 kwa siku, tumalize ndani ya siku kumi na moja. Wiki ya kwanza kundi linachangamka, ya pili wanazungumza wawili, ya tatu kimya. Mwenye wazo anabaki akidhani wenzake hawapendi kusoma.

Wanapenda sana. Kilichowaangusha ni mambo mawili: tangazo halikuwapa cha kuamulia, na ratiba ilipimwa kwa kasi ya yule mmoja ambaye tayari alikuwa amenogewa na kitabu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiiruka ya 4, ya 5 haitakusaidia kitu.

Andaa hivi kabla hujamwambia mtu

- Kitabu chenyewe, nakala unayoweza kuifungua wakati wowote.
- Daftari na penseli. Nasema penseli kwa sababu ratiba ya kwanza huwa inafutwa.
- Kalenda yenye siku zenu za kweli: mitihani, safari, mfungo, sikukuu, zamu za usiku.
- Kipima muda cha simu.
- Orodha ya wasomaji watatu hadi wanane. Wakiwa wawili, mmoja akiugua shughuli imekwisha. Wakizidi wanane, wapole hawapati nafasi ya kusema.
- Mahali pamoja pa kuzungumzia. Pamoja tu. Mazungumzo yakigawanyika sehemu mbili, kila mtu hudhani wenzake wanaongelea kule kwingine.

Hatua ya 1: Soma kurasa 50 kabla ya kukisifu

Sura ya kwanza hupigwa msasa kuliko zote, na kitabu kipya mkononi kina msisimko wake. Ukifika ukurasa wa 50, mwandishi ameshazoea na wewe umeshatulia. Hapo ndipo unaujua mwendo wake halisi.

Unaposoma, weka alama tatu za penseli pembeni: mahali palipokusimamisha, mahali palipokuchosha, na mahali ulipopotea ukalazimika kurudi nyuma. Alama hizo utazihitaji katika tangazo, na tena katika mazungumzo ya wiki ya kwanza.

Kwa riwaya, mimi huishia hapo. Nikiimaliza peke yangu nageuka mwalimu, na wenzangu huanza kunitazama usoni ili wajue jibu. Lakini ukihisi kwamba kitabu kina mambo mazito yanayoweza kumgusa mtu pabaya, kipekue hadi mwisho au muulize aliyekwisha kukisoma.

Umefaulu ikiwa unaweza kueleza kwa sentensi moja kitabu kinahusu nini, kikiwa kimefungwa.

Hatua ya 2: Nakili taarifa za toleo

Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo mwanzoni mwa kitabu. Andika jina la mwandishi, la mfasiri kama yupo, mchapishaji, mwaka, idadi ya sura, idadi ya kurasa na ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu.

ISBN ndiyo itakayowaepusha na fujo. Tangu Januari 2007 ina tarakimu 13, na huanza na 978 au 979. Kitabu cha zamani zaidi kitakuwa na tarakimu 10. Jalada gumu na jalada jepesi la kitabu kile kile hupewa namba tofauti, na toleo lililorekebishwa maandishi hupata namba yake pia. Kitabu kikichapwa upya bila mabadiliko, namba haibadiliki. Kwa hiyo mkiwa na namba moja, kwa kawaida mna kitabu kimoja ukurasa kwa ukurasa.

Umeinakili kwa mkono na una wasiwasi? Chukua tarakimu zote 13, ya kwanza izidishe kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Jumla isipogawanyika kwa 10, umekosea mahali. Hesabu hiyo haichukui hata dakika mbili, na humwokoa mtu asiagize kitabu kingine kabisa.

Onyo: usipange kwa namba za kurasa ikiwa hata mtu mmoja ana kitabu pepe. Katika faili la EPUB maandishi hujipanga upya kila msomaji anapokuza herufi, kwa hiyo ukurasa wa 112 wa mmoja ni wa 138 wa mwenzake. Mwenye kitabu cha sauti hana ukurasa kabisa. Lugha mnayoelewana wote ni sura.

Hatua ya 3: Andika tangazo linalomwezesha mtu kukataa

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tukae kidogo.

Picha ya jalada pamoja na maneno "kitabu kizuri sana, tukisome" humwachia mwenzako njia moja tu: kukubali kwa adabu. Kukubali kwa adabu ndiko kunakoleta ukimya wa wiki ya tatu. Tangazo zuri humpa mtu sababu za kuingia na sababu za kukaa pembeni, ili atakayeingia awe ameamua kwa hiari yake.

Weka mambo haya sita: kitabu kinahusu nini, kimeandikwaje, kitamfaa nani, hakitamfaa nani, kina uzito gani kwa muda na kwa hisia, na wewe umefika wapi. Mfano, kwa riwaya ya kubuni tu:

"Ndugu zangu wasomaji, nimepata riwaya mpya ya sura 24, kurasa 312. Inamhusu binti anayerudi kwao kuuza nyumba ya marehemu baba yake na kukuta wapangaji asiowajua. Inakwenda polepole, mazungumzo ni mengi, matukio ni machache. Anayependa kusikiliza watu wakibishana mezani ataifurahia. Anayetaka mkimbizano na mauaji atachoka mapema. Sura ya 9 ina msiba wa mtoto, nasema mapema. Mimi nimefika sura ya 5. Sura ya 3 ilinichosha, ya 4 ikanirudisha. Atakayependa tusome pamoja aniambie kabla ya Ijumaa, pamoja na aina ya nakala atakayotumia. Asiyependa hana haja ya kueleza."

Angalia pale nilipokiri kwamba sura ya 3 ilinichosha. Mwenzangu akifika hapo naye akachoka, hataweka kitabu chini. Atakumbuka kwamba nilimwambia, atasogea mbele. Sentensi hiyo moja imeokoa makundi yangu kuliko sifa zote nilizowahi kuandika.

Na ile ya mwisho, "asiyependa hana haja ya kueleza", usiiache. Watu wetu wanaona haya kukataa mwaliko. Wafungulie mlango wenyewe.

Onyo: usinakili maneno ya jalada la nyuma. Yameandikwa kuuza kitabu, na mara nyingi husimulia hadi katikati ya hadithi. Usimwage mtama kabla ya wenzako kuketi. Kipimo changu: sisemi jambo lolote linalotokea baada ya asilimia kumi ya mwanzo ya kitabu, isipokuwa tahadhari kama ile ya msiba.

Umefaulu ikiwa umepata walau mtu mmoja aliyesema "hiki hakinifai". Maana yake umekieleza kikaeleweka.

Hatua ya 4: Pimeni kasi kwa kitabu hicho hicho

Mwombe kila aliyeingia aweke kipima muda dakika 20, asome kurasa za mwanzo za kitabu hicho kama anavyosoma siku zote, kisha akutumie idadi ya kurasa alizopita. Asikimbie. Mwambie kabisa kwamba unatafuta namba ya kweli na kwamba haitatangazwa.

Kwa nini kitabu hicho hicho? Kwa sababu mtu anayemeza riwaya ya upelelezi kurasa 25 kwa dakika 20 anaweza kupita 9 tu katika kitabu cha historia chenye tarehe na majina.

Vikokotoo vya muda wa kusoma vilivyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza navyo vitakudanganya. Vinahesabu maneno kwa dakika, na neno letu hubeba mzigo mwingine. "Nitakapokusomea" ni neno moja kwetu. Kwa Kiingereza linakuwa sita. Hesabu kurasa za kitabu kilicho mbele yenu.

Sasa chukua namba ya anayesoma polepole kuliko wote. Tuseme ni kurasa 12 kwa dakika 20, yaani 36 kwa saa. Kitabu cha kurasa 312 kitamchukua karibu saa 8 na dakika 40. Muulize anapata muda gani wa kusoma katika wiki ya kawaida, ile yenye foleni ya maji na mtoto mwenye mafua. Akisema nusu saa kwa siku, siku tano, hizo ni saa mbili na nusu, yaani kurasa 90 kwa wiki.

Hiyo 90 ni dari. Hamtaigusa.

Najua inauma kwa wanaosoma haraka. Lakini aliyemaliza mapema hapotezi kitu: anaweza kurudia sura, au akasoma kitabu kingine huku anasubiri. Aliyeachwa nyuma sura tano hupoteza kitabu na marafiki pamoja.

Umefaulu ikiwa una namba moja ya dari na hakuna ajuaye imetoka kwa nani.

Hatua ya 5: Gawa kitabu kwa vituo

Gawanya kwa sura, kisha hakikisha kila kipande cha wiki, ambacho nakiita kituo, kiko chini ya dari. Usigawe sawa kwa sawa. Kitabu hakina uzito mmoja mwanzo hadi mwisho, na wasomaji hawana nguvu moja wiki zote. Kwa ile riwaya yetu ya sura 24, zenye wastani wa kurasa 13 kila moja, ningepanga hivi:

- Wiki ya 1: sura 1–4, kurasa 52
- Wiki ya 2: sura 5–10, kurasa 78
- Wiki ya 3: sura 11–16, kurasa 78
- Wiki ya 4: hakuna sura mpya
- Wiki ya 5: sura 17–21, kurasa 65
- Wiki ya 6: sura 22–24, kurasa 39

Wiki ya kwanza ni nyepesi kwa makusudi. Kuna atakayechelewa kupata nakala, na kila mtu anahitaji kuonja ushindi mdogo mapema. Wiki mbili za katikati zinabeba zaidi kwa kuwa majina yameshazoeleka. Ya mwisho ni fupi ili nafasi ibaki ya kuzungumza.

Wiki ya 4 ndiyo roho ya ratiba nzima. Iite wiki ya kungojana. Waliobaki nyuma wanafika, waliotangulia wanapumzika, na hakuna anayejiona mkosaji. Iweke baada ya theluthi mbili za kitabu. Ukiiweka mwishoni, atakayekuwa amechelewa atakuwa ameshaondoka. Makundi mengi huniandikia kwamba waliifuta kwa sababu "sote tulikuwa sawa". Hamkuwa sawa. Kuna mtu alinyamaza.

Kabla ya kuituma, iweke ratiba juu ya kalenda. Kituo kikiangukia sikukuu au wiki ya mitihani, sogeza mbele kwa penseli. Kisha chungulia mwisho wa kila kituo, mistari michache tu, uone unakatisha wapi. Ukikatisha mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango, kila mtu ataendelea kusoma usiku huo na mpangilio utavurugika. Mimi hutafuta pale hadithi inapovuta pumzi: mtu amelala, safari imeisha, mwaka umebadilika.

Kwa kitabu kisicho cha hadithi, sura si lazima ziende kwa mfuatano. Soma orodha ya yaliyomo na muamue pamoja zipi za lazima na zipi za hiari.

Umefaulu ikiwa ratiba nzima inaenea kwenye karatasi moja ndogo inayoweza kukaa ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa.

Hatua ya 6: Hakikisheni kila mtu ana nakala halali

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Usiskani kitabu kipya na kukisambaza. Mwandishi anaishi kwa nakala zinazouzwa, na kitabu kisipouzwa mchapishaji hatachukua cha pili. Tunaosema tunapenda vitabu ndio wa kwanza kulilinda hilo.

Njia zipo. Nunueni nakala mbili au tatu kwa kuchangia na mzizungushe. Ulizeni maktaba. Mwandikieni mchapishaji, maana nakala kadhaa kwa mpigo huenda zikapunguzwa bei. Au chagueni kazi ambayo hakimiliki yake imekwisha muda: Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, umeweka kiwango cha chini cha miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimefikisha 70, kwa hiyo angalieni sheria ya mlipo. Kumbukeni kwamba tafsiri ina hakimiliki yake peke yake, hata kama mwandishi wa asili alifariki zamani.

Nakala ikizungushwa, bandika kikaratasi ndani ya jalada chenye majina kwa zamu na tarehe ya kumkabidhi anayefuata. Na kila kituo kiongezewe siku, maana watu wawili hawawezi kulala na kitabu kimoja.

Nukuu fupi yenye jina la mwandishi na namba ya ukurasa haina tatizo, ni sehemu ya mazungumzo.

Hatua ya 7: Endesha mazungumzo kwa swali moja

Chagueni siku na saa, na msiibadilishe. Kila ujumbe unaohusu kitabu uanze na mpaka wake: "Hadi sura ya 10." Aliyeko sura ya 7 akiona hivyo anaruka, akifika anarudi. Sheria hii ndogo huondoa ugomvi wote wa kuharibiana utamu.

Leta swali moja tu kwa wiki. Maswali matano hugeuza furaha kuwa mtihani. Swali lenyewe liguse mahali panapoonekana kwenye ukurasa. "Mmeionaje sura hii?" huleta "nzuri sana" tatu na kimya. Linganisha na hili: "Sura ya 6, yule binti anaufunga mlango kabla ya kufungua barua, ingawa yuko peke yake nyumbani. Anamficha nani?" Swali hilo kila mtu ana jibu lake, na hakuna jibu litakalomwaibisha mtu.

Mazungumzo yakizorota, mwombe mmoja asome aya moja kwa sauti na kuirekodi. Hakuna kinachorudisha watu kwenye kitabu kama sauti ya mtu wanayemjua ikikisoma, na pale anapojikwaa, akacheka, akarudia, ndipo wengine nao hupata ujasiri wa kurekodi.

Onyo: usiwapongeze hadharani waliotangulia. Nilifanya hivyo katika kundi langu la kwanza. Kila Jumapili nilitaja majina ya waliomaliza kituo, nikidhani nawatia moyo wote. Msomaji wetu makini kuliko wote, aliyekuwa anauguza mzazi wakati huo, aliondoka bila kuaga. Miezi baadaye aliniambia kwamba alikuwa anasubiri Jumapili kwa hofu. Sijataja majina tena.

Umefaulu ikiwa kuna jibu moja lililokufanya ufungue tena sura uliyokwisha kuisoma.

Hatua ya 8: Mfuate aliyenyamaza, faraghani

Mtu asipoonekana kwa vituo viwili, mwandikie yeye peke yake. Usimuulize amefika wapi. Swali hilo linasikika kama la mdai. Mwambie tu mlipo, na kwamba wiki ya kungojana inakuja. Kisha mpe njia tatu: aendelee kwa kasi yake na kusoma mazungumzo akifika, asikilize kitabu cha sauti kama kipo, au akiache kitabu hiki na ajiunge na kijacho.

Kwa riwaya, usimshauri aruke sura na kusomewa muhtasari. Atafika mwisho bila kujali kinachompata yeyote.

Kuacha kitabu kuwe jambo la kawaida katika kundi lenu. Mimi huomba sentensi moja tu kwa anayeacha: ni wapi kilimpoteza. Sentensi hizo zinasaidia kuchagua kitabu kijacho kuliko pendekezo lolote.

Hatua ya 9: Chagueni kinachofuata mkiwa wiki ya 4

Wengi husubiri wamalize ndipo waulizane, na pengo la wiki mbili tatu hutosha kundi kusambaa. Wiki ya kungojana ndiyo nafasi yake. Kila mtu alete kitabu kimoja kwa tangazo la mtindo wa hatua ya 3, pigeni kura, na aliyeshinda aanze kusoma kurasa zake 50 wakati wengine wanamalizia cha sasa.

Siku ya kufunga, kila mtu aandike mstari mmoja katika daftari la kundi: sura anayoikumbuka, na tarehe. Daftari likabidhiwe kwa mleta kitabu kijacho, pamoja na penseli.